Chokaa Kwenye Kidevu Changu

Niliijua ile harufu kabla sijayajua maumivu. Ilikuwa harufu ya shati la kazi la mume wangu, lile analolivua mlangoni kwa sababu nilimkataza kuingia nalo ndani. Harufu ya mawe yaliyochomwa. Sasa ilikuwa inatoka kwenye kidevu changu mwenyewe, na kidevu kilikuwa kinachemka.

Nasema kinachemka kwa sababu sina neno lingine. Binti yangu alikuwa amenimwagia maji ya kikombe, polepole, kama tulivyoagizwa, na ile dawa nyeupe niliyopaka ikalia chwaa, kama chuma cha fundi kinapotumbukizwa kwenye ndoo. Mvuke ukapanda mpaka puani. Ngozi ikavutika.

"Mama, niongeze?" binti akauliza.

Nikamwambia ongeza. Aliyeniuzia dawa alisema hivyo: ukisikia moto, weka maji kidogo, moto itazimika. Binti akaongeza. Hapo nikapiga kelele ambayo majirani wetu wa Rukoki walidhani ni ya msiba.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja na mbuzi wao kumposa huyohuyo binti aliyeshika kikombe.

Mimi ni mtoto wa mgodini. Baba yangu alitoka Kenya kufuata kazi ya shaba, nami nikazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi huku Kasese, ambako kila mlango ulikuwa na kabila lake na Kiswahili ndicho kilituunganisha wote, kibaya kizuri. Shule niliishia darasa la tano. Niliolewa na Mukonzo wa Rukoki, mtu wa kabila la wenyeji wa huku, mtu wa kazi, anayechoma chokaa kwenye tanuru moja upande wa Muhokya. Mimi nauza nguo za mitumba soko la Bwera siku za soko. Hayo ndiyo maisha yangu yote, sikuwa na jambo la kuandika mpaka nilipoungua.

Nywele za mwilini sikuwahi kuzihesabu kuwa shida. Shangazi yangu alinifundisha nikiwa msichana, ndani ya bafu la makuti: chukua jivu baridi, paka vidole, shika unywele mmoja mmoja kwapani, vuta. Jivu linafanya usiteleze. Nililia, naye akacheka, akasema, "Lia tu, kesho utakuwa safi kama yai." Kwa chini ni hivyo hivyo, na ukishazoea husikii kitu. Lakini shangazi alinipa onyo moja: usoni usiguse kamwe, vile vinyweleo vyembamba ni vya malaika, ukivinyoa vitarudi na hasira. Musawo mmoja, yaani daktari, aliniambia baadaye kwamba si kweli, wembe hauongezi nywele, unakata tu ncha ndiyo maana zinachoma zikirudi. Sawa. Lakini kwa miaka yote nilimtii shangazi, na uso wangu ulikuwa laini mpaka nilipovuka arobaini.

Ndipo mama wa mafuta akaniona.

Sitamtaja jina, lakini Bwera nzima inajua meza yake. Ilikuwa mkabala na yangu: mafuta ya nywele, sabuni, manukato, vikopo vya kila rangi kutoka ng'ambo na kwingineko, na vingine havina hata karatasi. Mwanamke mwenye sauti tamu. Alikuwa anavuka mpaka wa nchi, ulio jirani na soko, mara nyingi hadi akaanza kuongea kama watu wa upande ule.

"Mama, jua ya Bwera itakumaliza," aliniambia siku moja. "Angalia mashavu, iko nyeusi kama chini ya sufuria. Bwana akilala anajua iko na mutu ama iko na makaa?"

Wateja wangu wakacheka. Mimi nikacheka pia, na jioni nikarudi nyumbani na kikopo chake.

Siwezi kusema uongo, kilifanya kazi. Uso ulitakata. Mume wangu alinitazama mezani, akaweka tonge chini, akauliza kama nimetumwa na mke wake au ni mimi mwenyewe. Nilifurahi wiki hizo. Niliendelea kununua, na nikaendelea kupaka, asubuhi na jioni.

Halafu vinyweleo vya malaika vikaanza kuonekana mashavuni, vingi, vimelala upande mmoja kama nyasi baada ya mvua. Nikasema ni mwanga tu. Halafu chini ya kidevu nikagusa kitu kigumu. Kimoja. Nikakivuta kwa meno ya funguo na kucha, kikatoka, kinene, cheusi, na mzizi wake mweupe. Wiki iliyofuata vilikuwa vingi kiasi kwamba sikujua nianze na kipi.

Tangu hapo sikupata amani. Mtu ambaye hajapitia hawezi kuelewa. Mkono wangu ulikuwa unapanda kidevuni wenyewe, kanisani, sokoni, nikiongea na mteja. Mteja akinitazama usoni, nilidhani anatazama pale. Akiangalia pembeni, nilidhani ameshaona. Nilianza kuongea na watu nikiwa nimeshika kidevu kama mtu anayeumwa jino, na watu wakaanza kunipa pole ya jino. Nikawa nachagua kusimama upande ambao jua halinipigi. Alfajiri niliamka kabla ya mume wangu, nikaingia bafuni na wembe na kioo kidogo cha mkononi, nikinyata utafikiri naiba. Nikimaliza nilizika zile nywele kwenye udongo. Kufika mchana zilikuwa zimeshaanza kuchomoza. Nikipitisha kidole nilisikia kama msasa.

Nilijaribu kila kitu. Wembe uliniletea vipele. Kibano nilinunua mjini Kasese, kikafaa kwa muda, lakini nywele nyingine zikajikunja ndani ya ngozi zikatunga usaha. Wasichana wa saluni wakanipikia sukari na limau mpaka ikawa nzito, wakanipaka ikiwa ya moto, wakabandika kitambaa na kukinyofoa kwa nguvu. Nilitoka hapo kidevu kimevimba kama kuku aliyenyonyolewa, na yule mdogo wao akaniambia, "Mama, urembo ni kazi." Dawa ya dukani ya kuondoa nywele, ile inayonuka yai bovu, iliniwasha mpaka nikalala na kitambaa cha maji usoni. Mume wangu nilimwambia ni mzio wa samaki.

Sasa nije kwa wifi yangu, dada yake mume wangu. Yeye simwachi nje.

Tulikuwa nyumbani kwake, watu wengi, tukisalimiana. Huku kwetu wanawake wanakumbatiana shavu kwa shavu, upande huu kisha upande huu. Nilikuwa nimekwepa muda mrefu kwa kutanguliza mkono. Siku hiyo alinivuta, kidevu changu kikamgusa shavu. Akaruka.

"Eee! Wifi, unanichoma! Kaka yangu analala na nani?"

Nyumba nzima ikageuka.

"Acha mama wa watu," mzee mmoja akasema. "Mwanamke wa ndevu ana bahati ya pesa."

"Pesa?" wifi akajibu. "Nimesikia wanazika waume. Kaka yangu akifa, ninyi wote ni mashahidi, nimeonyesha muuaji."

Walicheka mpaka machozi. Mume wangu naye alicheka, akitazama viatu vyake. Mimi nilikwenda jikoni nikasimama nyuma ya mlango nikihesabu pumzi, na tangu siku hiyo nilisikia kila kicheko sokoni kuwa ni changu.

Kisha binti yangu akaleta habari ya mchumba. Kijana mwema, familia ya wakulima wa Munkunyu, watu wanaoshika heshima. Kila mtu alishangilia, nami nikashangilia kwa mdomo tu. Kwa sababu nilijua ile siku inavyokwenda. Mama wa msichana anakaa mbele. Wanawake wa upande wa mwanaume wanapanga mstari, mama, shangazi, bibi, na kila mmoja anakuja kumkumbatia, shavu kwa shavu, pande zote mbili, huku watu wote wanaangalia na simu zinapiga picha. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, simu za kugusa zilikuwa zimeshaingia kila nyumba. Nililala nikiuona ule mstari. Nilimwona mwanamke wa kwanza akinigusa na kuruka kama wifi.

Wifi mwenyewe ndiye aliniletea suluhisho. Alikuja kusaidia kupanga vyakula, akanivuta pembeni.

"Wifi, usituaibishe kwa wakwe na hizo kokoto zako. Nenda kwa mama wa mafuta, muombe unga. Mimi natumia kwapani. Unachanganya na mafuta ya kupikia, unapaka, unangoja, unamwagia maji. Zinatoka zenyewe, kama manyoya ya kuku kwa maji moto."

Alinyanyua mkono akanionyesha. Kweli, kwapa lilikuwa safi.

Siku ya soko nikavuka njia mpaka meza ya mkabala. Mama wa mafuta alinishika kidevu mbele za watu, akakigeuza juani kama anayechagua embe.

"Ooh, mama! Ulingoja nini?"

"Hizi zimekuja baada ya kikopo chako," nikamwambia. "Sikuwa nazo."

"Kikopo iko ya uso, haioteshi ndevu. Ni myaka, mama. Myaka inaotesha." Akainama chini ya meza, akatoa mkebe mdogo wa bati. Ndani mlikuwa na unga mweupe wenye chembe za manjano kidogo, unanuka marashi, na chini ya marashi yai bovu.

"Mna nini ndani?"

"Dawa. Unakunywa soda kila siku, ulishauliza iko nini ndani?" Akanipa maagizo yaleyale ya wifi. "Na ukisikia moto, weka maji kidogo, moto itazimika. Usiogope. Mukaribishe bakwe na uso ya mutoto."

Nikachukua. Aliyeniuzia ndevu akaniuzia na wembe wake, nami nikashukuru.

Yaliyofuata umeshayasoma.

Majirani walinifikisha kituo cha afya nikiwa nimefunikwa kitambaa kibichi. Musawo alikuwa mwanamke mtulivu. Alinisafisha kwa maji mengi, muda mrefu, akanipaka dawa, akauliza nilichotumia. Binti akampa ule mkebe. Nilipomweleza juu ya kikopo cha kutakatisha, musawo alitikisa kichwa. Alisema baadhi ya mafuta hayo yamechanganywa dawa kali za ngozi, na ukipaka muda mrefu nywele zinaweza kuota pale usipozitaka. "Inaweza kuwa hiyo, inaweza kuwa umri, siwezi kuapa," alisema. "Lakini ungekuja kuniuliza mapema, mama."

Mume wangu alifika na vumbi la kazi. Alinitazama, akafumba macho. Kisha akaona mkebe. Akaingiza kidole, akasugua unga kwa kidole gumba, akaunusa. Namjua yule mtu. Hanusi kitu mara mbili, lakini huo aliunusa tena.

"Hii ni yetu," alisema.

Musawo akamtazama. Mimi nikamtazama kwa jicho moja lililofunguka, la pili lilikuwa limefungwa na uvimbe.

"Na haijazimwa," akasema.

Niwaeleze wasiokaa karibu na tanuru. Jiwe la chokaa likitoka kwenye moto huwa ni jiwe bado, lakini lina kiu. Ukilimwagia maji linachemka, linapasuka, linaporomoka kuwa unga, halafu linatulia. Hapo wanasema limezimwa, na ndiyo ile chokaa ya kupaka ukutani. Ukiliponda kabla ya maji unapata unga unaofanana na ule mwingine kabisa kwa macho, lakini ule moto wote umelala ndani unangoja maji. Kule tanurini hiyo isiyozimwa, wanayoiita mbichi, ikimgusa mtu, wanaifuta kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha ndoo nzima kwa mkupuo. Kikombe kimoja ndiyo hatari yenyewe. Kikombe kinawasha moto na hakitoshi kuuzima. Mimi ni mke wa mchoma chokaa. Hayo nayajua tangu niolewe. Nani alinificha nisijue kwamba ninachopaka ni chokaa?

Mume wangu alieleza huku anaangalia sakafu. Mama wa mafuta alikuwa anatuma mtu tanurini mara kwa mara kuchukua unga laini. Wanaume wote walijua kazi yake. Waliupa hata jina, chokaa ya wanawake, wakawa wanataniana nani mke wake ananyonyolewa kwa jasho lake. Kila mara walimpa iliyozimwa. Mara ya mwisho mjenzi mmoja alikuwa amezoa yote, ikabaki mbichi tu. Badala ya kumrudisha mtu mikono mitupu, wakaponda mbichi.

"Nani aliponda?" nikauliza. Mdomo haukufunguka vizuri.

"Mimi," akasema. "Lakini nilimwambia yule mtu wake. Nilimwambia hii ni mbichi, wailaze kwenye maji kwanza. Na sikujua ni wewe unakwenda kwake."

Angekuwa mke wa nani, basi, ili iwe sawa?

Jumamosi ikafika, haikunisubiri. Nililala chumba cha ndani, uso umefungwa, nikisikiliza posa ya binti yangu kupitia ukuta. Mbuzi walilia uani. Vigelegele vilipigwa. Nilisikia sauti ikiuliza mama wa msichana yuko wapi, na sauti ya wifi ikijibu, "Anaumwa jino, maskini." Yeye ndiye alikaa kiti changu. Alivaa gomesi yangu mpya, gauni la sherehe la huku kwetu, kwa sababu yake ilikuwa imechakaa na picha zilikuwa zinapigwa. Kwenye zile picha yupo, shavu kwa shavu na wanawake wa Munkunyu, mmoja baada ya mwingine, anacheka, na mkono wa gomesi yangu umesimama vizuri begani kwake.

Bibi mmoja wa wakwe alikataa kuondoka bila kunisalimu. Aliingia, akaona vitambaa, hakuuliza kitu. Alinigusa paji la uso kwa paji lake, akakaa kidogo pembeni ya kitanda, akatoka. Nililia baada yake, na machozi yaliingia kwenye kidonda.

Binti ameolewa, yuko salama, ana watoto. Akija kunitembelea ananipikia, ananifulia. Lakini maji hanipi mkononi. Anaweka kikombe mezani, anaondoa mkono, ndipo nakichukua. Sijamwambia kwamba nimeona.

Kovu langu linaanzia chini ya mdomo mpaka kwenye taya la kushoto, la waridi, linang'aa likipigwa na jua. Dawa ilifanya kazi, siwezi kukataa. Penye kovu hapaoti hata unywele mmoja. Pembeni yake zinaota kama kawaida, na nazinyoa kwa wembe na sabuni, mchana, mlango wazi. Uoga wa kuonekana ulikwisha. Uliobaki ni mwingine: kila mvua ikianza na mume wangu amerudi na lile shati, natazama mikono yake kabla sijampa maji ya kunawa.

Nilipopata nguvu nilikwenda Bwera. Mama wa mafuta aliponiona alianza kupanga vikopo vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Pole, mama. Nilisikia."

"Ulijua ilikuwa mbichi?"

"Mimi? Mimi naomba ile iliyolala kwa maji, kila siku. Hawakuniambia kitu. Muulize bwana yako, yeye ndiye alisaga."

"Anasema alimwambia mtu wako."

"Basi anadanganya. Muntu wangu ananiletea kila neno, na hii hakusikia. Mwambie akuje asimame hapa aseme."

Nikamwambia mume wangu aje. Alijibu, "Nikabishane na wanawake sokoni? Yeye ndiye afike Rukoki." Nikamwambia mama wa mafuta aje Rukoki. Alijibu ana meza ya kuangalia. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akanisikiliza akichokonoa meno, akasema, "Nyabo, hayo ni mambo ya urembo, si kesi." Wifi nilimuuliza kama alijua ni chokaa. Alisema kila mtu alijua, alifikiri nami najua, si mume wangu ndiye anaichoma? Na gomesi yangu hajarudisha.

Miaka inapita hivyo. Nalala na mmoja, na mwingine namtazama kuvuka njia siku za soko, na kila mmoja ananionyesha mwenzake kwa kidole. Wote wawili hawawezi kuwa wanasema kweli. Ama baba watoto alisaga moto akautia kwenye mfuko bila neno, ama mama wa mafuta aliambiwa ni mbichi, akaitia marashi, akanipa mimi akitabasamu. Sitaki pole yenu. Pole nimeshiba. Siku ya soko ijayo nitakuwa mezani kwangu kuanzia asubuhi, na kiti cha pili nitakiweka pembeni. Baba watoto, vaa shati safi uje. Mama wa mafuta, vuka hiyo njia, ni hatua chache. Simameni mbele ya hiki kidevu, mtazamane, na mmoja wenu aseme kwa mdomo wake: nilijua. Nani?